Ukuta uko wapi? Kulielewa neno breakthrough

Mpe mtu anayejua Kiingereza neno breakthrough alitafsiri, atakujibu kabla hujamaliza kulitamka: mafanikio makubwa. Sasa mpe sentensi nne. Wanasayansi wamepata breakthrough. Mazungumzo ya amani yamefikia breakthrough. Mgonjwa wa saratani ana maumivu ya breakthrough. Mtu aliyechanjwa amepata maambukizi ya breakthrough. Katika sentensi ya kwanza mafanikio makubwa yanakaa vizuri. Katika ya pili yanaanza kupwaya, kwa sababu pengine hakuna kilichotiwa saini bado. Katika ya tatu na ya nne yanageuka kichekesho, tena kichekesho kibaya. Nani anapongezwa kwa maumivu?

Niliwahi kuletewa nihariri kijitabu cha wagonjwa ambamo mtafsiri, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameandika "maumivu ya mafanikio". Alifungua kamusi, akakuta mafanikio, akayabandika. Kamusi haikumdanganya. Ilimpa nusu ya neno tu, ile nusu ya sherehe.

Nusu iliyobaki ni hii. Neno limeungwa kutokana na mawili: break, kuvunja, na through, kupita mpaka ng'ambo. Kinachovunjwa hakitajwi, lakini hakikosi kuwepo, maana hakuna anayepenya kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo anayesikia breakthrough asikimbilie kuuliza mafanikio ni yapi. Aulize kwanza: ukuta uko wapi? Ulimzuia nani, kwa muda gani, na leo kinapita nini ambacho jana hakikupita? Ukishapata majibu hayo, zile sentensi nne zinaanza kufanana kama ndugu. Wanasayansi wamepenya pale walipokuwa wamekwama, wajumbe wamepenya mkwamo, maumivu yamepenya dawa, kirusi kimepenya kinga. Mpenyaji anaweza kuwa rafiki au adui. Neno lenyewe halijali.

Kitenzi chake ni cha kale. Waingereza wamekuwa wakisema break through, maneno mawili, tangu mwaka 1400 hivi, kwa chochote kinachopasua kizuizi na kutokezea upande wa pili. Nomino, yaani neno moja lililoshikamana, ni changa mno kwa kulinganisha. Kamusi za asili ya maneno huiweka mwaka 1918, na mahali ilipozaliwa si maabara. Ni vitani.

Kuanzia mwishoni mwa 1914, upande wa magharibi wa Vita vya Kwanza vya Dunia uligeuka mstari wa mahandaki kutoka mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini, karibu kilomita 700. Hapakuwa na ubavu wa kumzungukia adui. Mwisho mmoja ni nchi isiyofungamana na upande wowote, mwisho wa pili ni maji. Aliyetaka kusonga mbele alikuwa na njia moja tu, kupasua katikati ya seng'enge, rashasha na mizinga. Majenerali wa pande zote mbili waliota jambo hilo kwa miaka minne. Julai 1, 1916, kwenye mto Somme, Waingereza walitoka mahandakini baada ya wiki nzima ya kumimina makombora. Kufikia usiku walikuwa wamepoteza watu 57,470, kati yao 19,240 wamekufa, na sehemu kubwa ya mstari wa Wajerumani ilikuwa palepale.

Novemba 20, 1917, karibu na Cambrai, walijaribu tena, safari hii wakiwa na vifaru zaidi ya 400. Mstari ulipasuka. Huko Uingereza kengele za makanisa zilipigwa kusherehekea. Wiki mbili hazikuisha sawasawa, Wajerumani wakawa wamerudisha sehemu kubwa ya ardhi ile. Halafu Machi 21, 1918, zamu ikawa ya Wajerumani: waliuvunja mstari wa Waingereza na kusonga mbele kilomita sitini hivi ndani ya muda wa wiki mbili, umbali ambao ulikuwa haujasikika katika vita ile ya kuchimba na kungoja. Ikawaje? Mizinga yao ikaachwa nyuma, chakula hakikuwafikia, askari wakachoka, mashambulizi yakafa njiani kabla ya kufika Amiens. Novemba mwaka uleule wakatia saini ya kusimamisha vita, na hawakuwa upande ulioshinda.

Nimelikalia jambo hili kwa makusudi. Mwaka ambao kamusi zinalipa neno hili cheti cha kuzaliwa ndio mwaka ambao waliopata breakthrough kubwa kuliko zote walishindwa vita. Waliolitumia mwanzo hawakuchanganya kupenya na kushinda. Kwao breakthrough ilikuwa tundu kwenye mstari wa adui, na tundu lina maana ikiwa nyuma yako wapo askari wa akiba wa kulipitia, chakula cha kuwalisha na barabara ya kuwafikisha. Sisi tuliolirithi baadaye tulichukua kengele za makanisa tukaacha wiki mbili zilizofuata.

Picha hiyo haikuwa ya Waingereza peke yao. Wajerumani husema Durchbruch, Warusi proryv, Wafaransa percée, na ukiyafungua maneno hayo matatu unakuta kitu kilekile: kupasua, kutoboa, kutokea ng'ambo. Lugha zilizopigana kwenye mahandaki zina msamiati unaolingana. Ilipofika miaka ya 1930, Kiingereza kilikuwa kimeanza kulihamisha neno kutoka uwanja wa vita hadi kwenye fikra. Tatizo la kisayansi likawa ngome, mtafiti akawa askari, na siku ya kupata jibu ikawa siku mstari ulipopasuka.

Wachimbaji nao wanalo, na matumizi yao ndiyo yaliyo karibu zaidi na maana ya asili. Kwao breakthrough ni siku ambayo timu mbili zinazochimba kutoka pande mbili zinakutana. (Kiswahili kimetufanyia hisani hapa bila kukusudia: handaki la askari na handaki la treni ni neno moja.) Desemba 1, 1990, chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, Mwingereza Graham Fagg na Mfaransa Philippe Cozette walipeana mikono kupitia tundu walilolifungua kwenye ukuta wa mwisho wa handaki la huduma. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Treni je? Handaki lilizinduliwa rasmi Mei 6, 1994, miaka mitatu na nusu baadaye. Katika muda huo ilibidi mahandaki mawili makubwa ya treni yamaliziwe, reli zitandikwe, umeme na mitambo ya hewa ifungwe, usalama ujaribiwe. Hakuna mhandisi aliyesema kuwa ile siku ya kupeana mikono ilikuwa ya uongo. Kwao breakthrough ilikuwa na maana yake kamili, kwamba njia sasa ipo. Abiria kupita ni suala lingine.

Ukitaka kuona neno hili likifanya kazi yake kwa unyoofu kabisa, nenda kwenye hisabati. Huko hakuna wa kukuuzia dawa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Baadhi yake hukaa jozijozi zikipishana kwa 2 tu, kama 3 na 5, 11 na 13, 17 na 19. Swali la kale ni kama jozi za aina hiyo hazina mwisho. Wanahisabati wengi wanaamini hazina, lakini kuamini si kuthibitisha. Kilichokuwa kinaudhi zaidi ni kwamba hata swali jepesi kuliko hilo lilikuwa limewashinda. Sahau 2. Je, kuna umbali wowote maalumu, uwe mkubwa kiasi gani, ambao tunaweza kusema kwa uhakika kuwa jozi za namba tasa zisizozidi umbali huo hazitaisha kamwe? Milioni? Bilioni? Hakuna aliyeweza kutaja namba hata moja na kuitetea.

Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, mtu aliyekwishapita miaka 50 na ambaye jina lake halikuwa midomoni mwa wakubwa wa fani, akaitaja: 70,000,000. Asiye wa fani anaweza kucheka. Tulikuwa tunaitafuta 2, yeye ametuletea milioni 70, na hayo mnayaita mafanikio? Waliouliza hivyo walikuwa wakipima umbali uliobaki. Wanahisabati walikuwa wakiutazama ukuta. Kabla ya Zhang jibu lilikuwa "hatujui kama kuna kikomo". Baada yake kikomo kipo, kimeandikwa kwa tarakimu, na kazi iliyobaki ni kukipunguza. Na watu wakamiminika kwenye tundu hilo kama maji. Wengine walifuata njia yake, James Maynard akatokea na njia nyingine, na kabla mwaka haujatimia kikomo kilikuwa kimeshuka kutoka milioni 70 hadi 246. Mpaka leo hakuna aliyeifikia 2. Swali lenyewe halijajibiwa, na bado hakuna mwanahisabati atakayebisha ukiiita kazi ya Zhang breakthrough.

Zhang pia anatufundisha kitu kuhusu ghafla. Kamusi nyingi zinapolifafanua neno hili hutia kiungo hicho: maendeleo ya ghafla. Mwenyewe alieleza kwamba wazo lililomfungulia lilimjia Julai 2012, alipokuwa nyumbani kwa rafiki huko Colorado, amepumzika. Habari za namna hii zinapendwa sana, na zinapotosha sana. Ghafla ni tabia ya ukuta. Ukuta hauanguki kidogokidogo. Unasimama, unasimama, halafu siku moja kuna mwanga unapenya. Anayeugonga anaweza kuwa amegonga kwa miaka. Mwanahisabati Andrew Wiles aliufanyia kazi uthibitisho wa nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo la kale la namba, tangu 1986, akautangaza Cambridge mnamo Juni 1993, kisha likagundulika pengo ndani yake. Akarudi kugonga kwa zaidi ya mwaka, hadi Septemba 19, 1994, alipoona ghafla jinsi ya kuliziba. Je, breakthrough yake ni ya 1993 au ya 1994? Magazeti yalisherehekea ya kwanza. Ukuta ulianguka kwenye ya pili.

Swali kama hilo linaisumbua hadithi ya penisilini, ambayo hutajwa kila mara kama mfano. Mnamo Septemba 1928, Alexander Fleming aliona, katika Hospitali ya St Mary's mjini London, kuwa ukungu ulioangukia kwenye sahani yake ya maabara ulikuwa umeua bakteria walioizunguka. Huo ni ugunduzi, na ni ugunduzi mkubwa. Lakini ukuta haukuwa hapo. Ukuta ulikuwa kuitoa dawa hiyo kwenye maji ya ukungu ikiwa safi, isiyoharibika, na ya kutosha kumtibu mtu, na Fleming hakuuvuka. Kwa miaka kumi na zaidi penisilini ilibaki kitu cha kuvutia kwenye makaratasi. Mei 25, 1940, huko Oxford, kikundi cha Howard Florey na Ernst Chain kiliwaambukiza panya wanane bakteria wa kuua, wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipokucha wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa na wanne waliopewa walikuwa hai. Ukiniuliza mimi, breakthrough ni asubuhi hiyo. Tena hata hapo bado. Februari 1941 polisi mmoja, Albert Alexander, alipewa dawa hiyo akaanza kupona, kisha dawa ikaisha. Walijaribu hata kuichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Alikufa mwezi uliofuata. Kutengeneza nyingi ulikuwa ukuta mwingine, uliovunjwa Marekani katika miaka iliyofuata ya vita. Tuzo ya Nobel ya 1945 iligawanywa kwa watatu, Fleming, Florey na Chain, na nadhani waliogawa walielewa kwamba aliyeona ukungu na waliobomoa ukuta hawakufanya kazi moja.

Hapo Kiswahili kina silaha nzuri, tunazoziacha kabatini. Ugunduzi ni kukiona kilichokuwepo bila kujulikana. Uvumbuzi, kwa wanaolitenga na ugunduzi, ni kutengeneza kisichokuwepo. Maendeleo ni mwendo, uwe wa kasi au wa kobe. Yote haya yanaweza kuwepo bila ukuta wowote kuvunjwa, na hiyo haiyafanyi kuwa madogo. Tazama saratani ya damu ya watoto, ile inayowapata wengi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliopona hawakuzidi mmoja kati ya kumi. Leo, katika nchi zenye hospitali zenye uwezo, wanakaribia tisa kati ya kumi. Ukitafuta siku ambayo ukuta ulianguka hutaipata. Kwa sehemu kubwa dawa zilikuwa zilezile. Watu walizichanganya kwa namna mpya, wakabadili vipimo, wakalinganisha, wakarekebisha, wakalinganisha tena, jaribio baada ya jaribio, kwa miongo. Ni moja ya kazi kubwa kuliko zote tiba ilizowahi kuzifanya, na neno breakthrough haliielezi vizuri hata kidogo. Mwandishi anayelilazimisha hapo anawapokonya heshima waliofanya kazi ya polepole.

Turudi hospitalini, maana ndiko neno linakowatega watafsiri. Maumivu ya breakthrough ni yale yanayomvamia ghafla mgonjwa ambaye tayari anatumia dawa za maumivu kwa ratiba na kwa kawaida zinamtuliza. Ukuta ni dawa, maumivu yameuruka. Kutokwa damu kwa breakthrough ni matone yanayomtokea mwanamke kati ya hedhi mbili, hasa anapotumia njia za homoni za kupanga uzazi. Ukuta ni homoni. Maambukizi ya breakthrough, ambayo wengi walianza kuyasikia wakati wa UVIKO-19, ni kuugua ugonjwa ambao umechanjwa dhidi yake. Hapo kuna kosa la kimantiki ambalo neno lenyewe linaweza kulitibu: mtu husikia maambukizi hayo yapo akahitimisha kwamba chanjo haifai kitu. Lakini kirusi hakiwezi kupenya ukuta usiokuwepo. Kwa asiyechanjwa hatusemi breakthrough, tunasema maambukizi basi. Neno linakiri kwamba kinga ilikuwepo, na kwamba ilikuwa na nyufa.

Wahandisi wa maji na wa vichujio vya gesi wanalitumia kwa ubaya vilevile. Kichujio cha mkaa kinanasa sumu mpaka kinajaa, na dakika sumu inapoanza kutokea upande wa pili wanaiita breakthrough. Kwa mvaaji wa kinyago cha gesi, hilo ndilo neno la mwisho analotaka kulisikia.

Kwenye siasa maana inarudi kuwa njema, lakini nyembamba. Wanahabari wanapoandika kwamba mazungumzo yamefikia breakthrough, kilichovunjika ni mkwamo. Pengine wajumbe wamekubali tu kukaa chumba kimoja, au upande mmoja umelegeza sharti lililokuwa limezuia kila kitu. Kuandika "muafaka umepatikana" ni kuwapa kitu ambacho bado hawanacho. Mazungumzo yamekwamuka, hilo linatosha, tena ni Kiswahili safi. Polisi wanapopata breakthrough kwenye kesi, mara nyingi wana ushahidi au shahidi anayewafungulia njia, na mhalifu bado yuko mitaani. Msanii naye ana wimbo wake wa breakthrough, na hapo hatuhitaji kumsumbua mtafsiri, kwa kuwa mashabiki walishalitafsiri zamani: wimbo uliomtoa.

Na sasa vichwa vya habari, ambavyo ndivyo vimelichosha neno hili. Desemba 5, 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, mionzi ya leza yenye nishati ya megajuli 2.05 ilielekezwa kwenye kikasha chenye kidonge kidogo cha haidrojeni, na muungano wa viini vya atomi ukatoa megajuli 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza katika maabara yoyote nishati iliyotoka kuzidi ile ya leza iliyoelekezwa pale. Ukuta ulikuwepo, ulikuwa na miongo kadhaa, na ulivunjwa. Neno breakthrough lilistahili. Lakini kuziwasha hizo leza kulivuta megajuli 300 hivi kutoka kwenye gridi ya umeme. Wasomaji wengi walielewa kwamba umeme wa bure umekaribia. Hakuna aliyesema uongo. Msomaji alisikia breakthrough akadhani kuna mahali pamefikiwa, kumbe kuna mahali pametobolewa.

Mfano mwingine ni wa kisheria kabisa. Tangu 2012, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ina hadhi maalumu inayoitwa breakthrough therapy. Dawa hupewa hadhi hiyo ikiwa ni ya ugonjwa mzito na ushahidi wa awali unaonyesha inaweza kuwa bora kwa kiasi kikubwa kuliko tiba zilizopo. Soma polepole: ushahidi wa awali, inaweza kuwa. Faida ya hadhi hiyo ni kwamba mamlaka inashirikiana kwa karibu na mtengenezaji ili uchunguzi wa dawa uende haraka. Dawa yenye hadhi hiyo inaweza kushindwa baadaye. Lakini habari ikitoka kwamba dawa fulani imetajwa kuwa breakthrough, mgonjwa kitandani hasikii utaratibu wa ofisi. Anasikia kengele za makanisa.

Niseme machache kuhusu sarufi, kwa anayeandika Kiingereza. Nomino huandikwa pamoja, kitenzi huandikwa mbalimbali, na mkazo wa sauti hutofautiana: kwenye nomino unaangukia break, kwenye kitenzi unaegemea through. Wakati uliopita ni broke through, breakthroughed haipo. Nomino inahesabika, kwa hiyo inadai a mbele yake au s mwishoni. Breakthrough hutengenezwa kwa make au achieve, haifanywi kwa do, na eneo lake hufuata in. Breakout ni jirani yake, lakini mwelekeo ni tofauti: huyo alikuwa amefungiwa ndani akatoka, kama mfungwa.

Wengi wanaolitumia neno hili kila wiki hawakulipata kwenye fizikia wala vitani. Wamelipata kwenye mahubiri. Andiko linalotajwa mara nyingi ni Samweli wa Pili, sura ya 5, ambapo Daudi anawapiga Wafilisti na kupaita mahali pale Baal-perasimu. Mzizi wa Kiebrania uliomo kwenye jina hilo una maana ya kupasua, kubomoka kwa nguvu, na ndio huohuo uliomo kwenye jina Peresi, yule pacha aliyejipenyeza akazaliwa kabla ya nduguye. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 haina breakthrough hapo. Ina breach, upasuko wa maji. Lisingeweza kuwepo, kwani lilikuwa bado miaka mia tatu kuzaliwa. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka ilishika picha ya mafuriko, na kwangu mimi ni uamuzi mzuri sana: maji hukusanyika nyuma ya ukingo kimya kimya, halafu ukingo unaachia. Siku hizi wahubiri wanasema upenyo, au wanaliacha breakthrough lilivyo. Upenyo ni neno zuri. Linapotoshwa pale linapotumika kwa kila jambo jema linalotarajiwa, bila kutaja kilichozuia.

Kiswahili cha vitabuni kinapohangaika, cha mtaani kimeshamaliza kazi. Kutoboa. Ametoboa, hajatoboa, mwaka huu natoboa. Ni breakthrough tupu: kuna kitu kigumu, kuna aliyekuwa akikichokonoa, na kuna tundu lililotokea ng'ambo. Na tazama ukuta unavyoishi ndani yake. Mtoto wa tajiri aliyerithi mali ya baba yake ana mafanikio makubwa, lakini hakuna atakayesema ametoboa. Ametoboa nini? Hapakuwa na ukuta. Sijui kwa nini wahariri tunalionea haya neno linaloweza kufaulu mtihani ambao mafanikio yanaufeli.

Silipendekezi kwa kila mahali, hata hivyo. Hakuna neno moja la Kiswahili litakalobeba kila matumizi, na si lazima liwepo. Waingereza wenyewe wanalitumia moja kwa mambo ambayo sisi tunaweza kuyatenga. Mtafiti amepenya au amefungua njia. Mazungumzo yamekwamuka. Msanii ametoka. Wachimbaji wamekutana. Aliyechanjwa ameambukizwa licha ya chanjo. Na kile kijitabu cha wagonjwa nilikirudisha kwa mtafsiri tukakaa nacho alasiri nzima. Yeye alitaka "maumivu ya ghafla", mimi nikamwambia ghafla tumeipata, ukuta tumeuacha nje. Mwishowe ni yeye aliyeandika maneno yaliyokwenda kiwandani: maumivu yanayopenya dawa.